Bibi wa Pangani na Vijito vya Ohio

Nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka 31, na mjukuu wangu wa kwanza hakijui Kiswahili. Naanza na hilo ili msomaji asidhani nimekuja kujisifu.

Mwaka jana, mwezi wa nne, nilitoka nyumbani Pangani, nikapanda ndege Dar es Salaam kwenda Cincinnati, katika jimbo la Ohio, Marekani. Binti yangu ni muuguzi wa zamu za usiku. Mumewe anaendesha malori ya safari ndefu, anaweza kukosekana nyumbani siku kumi mfululizo. Kazi yangu ilikuwa kukaa na mtoto wao wa miaka sita wakati mama yake amelala mchana. Uhamiaji walinipa miezi sita, nikaona ni mingi.

Pale pale uwanja wa ndege, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, nilimwita "mume wangu" na kumuuliza mahari yangu iko wapi. Mama yake akamtafsiria. Mtoto alinitazama, akajificha nyuma ya sanduku la nguo.

Kiswahili chake chote kilikuwa maneno manne: shikamoo, asante, ugali, na rudia. Hilo la mwisho alilipata mezani. Kila jioni kabla ya kwenda kazini binti yangu alimkalisha: sema "kikombe". Rudia. Sema "mlango". Rudia. Alikuwa anajitahidi, simlaumu. Lakini kikombe mtoto alikuwa nacho mkononi tayari, na jina lake kwa Kiingereza alikuwa nalo, kwa hiyo hakuona la pili ni la nini. Kumbukeni neno hilo "rudia", kwa sababu lilikaribia kutuletea msiba.

Wiki tatu za kwanza nilikuwa kama kabati. Nipo, ninaonekana, ila hakuna anayezungumza nami. Yeye na kioo chake cha michezo, mimi na dirisha.

Nyuma ya maegesho ya magari ya zile nyumba wanazopanga kuna uzio wa waya ulioinama, na nyuma ya uzio kuna kijito. Siku moja mpira ulivuka uzio na bwana mdogo akaufuata. Nikashuka nyuma yake na khanga yangu na kandambili, huku nikimwita Mungu. Kilikuwa kijito cha kawaida, upana wa hatua tano au sita, maji hayafiki goti. Mpira ulikwama kwenye mizizi. Nilikaa juu ya jiwe bapa ili nipumue, nikaweka kiganja chini, na mkono wangu ukajua jambo kabla ya macho. Mistari. Ile mistari ya kombe inayoanzia kwenye kitako na kutawanyika kama pepeo la ukili.

Niliinama. Jiwe zima lilikuwa kombe. Kombe ndogo kama ukucha, kombe kubwa kama sarafu ya shilingi mia, nyingine zimevunjika, nyingine nzima na midomo yake imefungwa, zote zimegandana zikawa jiwe. Nikageuza jiwe la pili, vivyo hivyo. La tatu, vivyo hivyo.

Msomaji wa bara anaweza asielewe kilichonipata. Mimi nimekulia pwani. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa mbali na wanawake hutoka na vikapu na vijiti kwenda kuchokoa pweza na kuokota kome. Nilifuatana na mama yangu tangu nikiwa na umri kama wa mjukuu huyu. Nikiwekewa kombe gizani naitambua. Na hapo nilikuwa katikati ya bara la Amerika, mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote, nyuma ya maegesho ya magari, nimekalia kombe.

"Bahari!" nilimwambia mtoto, nikionyesha jiwe. "Hapa palikuwa bahari!"

Hakuelewa neno hata moja, lakini aliona uso wangu. Akaacha mpira. Akachuchumaa, akapitisha kidole juu ya mistari. Kisha akanyoosha mkono, kiganja wazi, kama mtu anayedai chenji. Alitaka yake. Hapo ndipo tulipoanza.

Binti yangu alipoamka nilimwonyesha, akatafuta kwenye simu, tukasomeana jikoni hadi chakula kikaungua. Kumbe wanajiolojia duniani kote wanayajua mawe ya Cincinnati. Miaka milioni 450 hivi iliyopita, eneo hili lilikuwa sakafu ya bahari yenye maji ya uvuguvugu yasiyo na kina kirefu. Na sehemu hii ya dunia haikuwa hapa ilipo. Mabara husogea, na wakati huo Ohio ilikuwa kusini mwa ikweta. Nilimwambia binti yangu asome tena hapo. Kusini mwa ikweta, kama Pangani.

Zile kombe, kumbe, si jamii moja na chaza wetu, ingawa kwa sura ungeapa ni ndugu. Huitwa brakiopodi. Vile vijiti vyenye vitundu vidogo vidogo nilivyodhani ni matumbawe, vingi ni braiozoa, wadudu wa majini walioishi kwa makundi kama matumbawe. Yale matumbawe yenyewe yapo pia, yenye umbo la pembe ndogo ya mbuzi. Kuna vipande vya duara vyenye tundu katikati, kama shanga zilizokatika uzi. Hizo ni shingo za krinoidi, jamaa wa kiti cha pweza. Na ukibahatika sana unampata trilobiti, ambaye mjukuu wangu alimwita "mende wa bahari" na mimi nikamwacha amwite hivyo. Wengine hukutwa wamejikunja kama jongoo aliyeguswa, wakabaki hivyo miaka yote hiyo. Jimbo la Ohio limemfanya trilobiti aitwaye Isotelus kuwa nembo yake tangu mwaka 1985. Mmoja wao, mwenye urefu wa zaidi ya sentimita 30, alipatikana karibu na mji wa Dayton mwaka 1919 watu walipokuwa wakijenga bwawa.

Mjukuu aliuliza, kupitia kwa mama yake, kama dinosauri walikuwepo. Hapana. Wakati huo hata miti haikuwepo nchi kavu, na dinosauri walikuja zaidi ya miaka milioni 200 baadaye. Akasikitika. Nikamwambia asihuzunike, dinosauri ninao kwetu: huko Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walichimba mifupa yao kuanzia mwaka 1909, na mmoja amesimama hadi leo katika jumba la makumbusho Berlin, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Ninyi mlioko Ujerumani, kama hamjawapeleka watoto, mnangoja nini?

Basi kila siku baada ya shule tukawa kijitoni. Maneno yalikuja bila kuitwa, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Geuza. Jiwe. Hili zito. Hapa kuna utelezi. Chini ya mawe kulikuwa na wale kamba wa maji matamu, wadogo kama kidole, wanaorudi kinyumenyume ukiwagusa, na mjukuu akajifunza "kamba" na "koleo" siku moja. Siku ya tano alinipigia kelele "Bibi! Njoo! Njoo!" na mimi, mwalimu wa miaka 31, nililia machozi pale majini kwa ajili ya neno moja lenye silabi mbili.

Sasa nieleze kosa langu.

Mwishoni mwa Mei mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi jua likawaka, nikaona kumekucha salama. Mtu wa Pangani anajua bahari: maji hujaa na kukupwa mara mbili kwa siku, na unaweza kuyapangia saa. Kijito hakina saa. Kinaweza kuwa kimepokea mvua ya mbali ambayo wewe hukuiona. Tulipofika, maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na yalikuwa yamefunika mawe yetu yote. Nilipaswa kugeuza hapo hapo. Mtoto alitangulia, akakanyaga maji.

Nikapiga kelele, "Rudi!"

Naye, bila kugeuka, akajibu kwa sauti ya furaha, "Rudi!" Kisha akapiga hatua nyingine mbele.

Alidhani nimesema "rudia". Alifanya kile alichofundishwa mezani: bibi akisema neno, unalisema tena. Nikapiga kelele mara ya pili, naye akarudia mara ya pili, kwa bidii zaidi, na hatua ya tatu ikamtia majini mpaka kifuani. Maji yakamwangusha.

Sikumbuki nilivyoingia. Nakumbuka nimeshika kofia ya koti lake kwa mkono mmoja na mzizi kwa mkono mwingine, na khanga yangu inakwenda zake kuelekea mto Ohio. Ilikuwa labda nusu dakika. Alitoka na mchubuko wa goti. Mimi magoti yangu yaliuma wiki mbili.

Binti yangu hakunifokea. Angenifokea ingekuwa afadhali. Alimkausha mtoto, akamlaza, akaja kuketi karibu nami akasema, "Mama, nilikuleta ili nipate usingizi mchana." Basi. Kijito kikafungwa.

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Nilikuwa nimefurahia kwamba mtoto anajua "kamba" na "koleo", na sikuwa nimemfundisha "rudi". Na mimi kwa hofu siwezi kupiga kelele kwa Kiingereza. Hata nikifundishwa mwaka mzima, siku ya hatari itakayotoka ni lugha ya mama yangu. Akina bibi wangapi wamekaa na wajukuu huko Muscat, London au Minneapolis, na hawajui kama wakipiga kelele mtoto ataelewa? Hili sijaona watu wakilizungumza. Tunazungumzia utamaduni, utambulisho, mizizi. Mimi nazungumzia mtoto kuvuka barabara.

Nikamwomba binti yangu jambo moja: tufanye mtihani. Zulia la sebuleni likawa mto, makochi yakawa kingo. Maneno yalikuwa sita: simama, rudi, shika, kaa chini, polepole, na panda juu. Niliyasema kwa sauti ya kawaida, kisha kwa kelele, kisha nikiwa nimempa mgongo, kisha katikati ya wimbo. "Rudi" na "rudia" tulizitenganisha kwa siku mbili nzima, na binti yangu akakubali kuiacha "rudia" kabisa pale mezani, aseme "sema tena". Mtoto aliona ni mchezo mtamu kuliko yote. Baba yake aliporudi safari alikuta familia yake inarukaruka sebuleni, na mtoto akamwamuru: "Baba, simama! Polepole!"

Juni tukafunguliwa, kwa masharti. Mama mtu akasema safari ya kwanza atakuja mwenyewe.

Tulikwenda Sharon Woods, bustani ya umma kaskazini mwa mji. Kuna njia ya miguu inayofuata korongo, kijito kiko chini, na maji yanashuka ngazi kwa ngazi. Hapo nilielewa maporomoko ya huku yanavyotengenezwa. Mawe ya chokaa yamepangwa tabaka kwa tabaka kama chapati kwenye sahani, na kati ya tabaka na tabaka kuna udongo mgumu wa kijivu. Maji yanaula ule udongo upesi, jiwe la chokaa linabaki limejitokeza kama ukingo wa baraza, na maji yanaruka kutoka hapo. Siku moja ukingo nao huvunjika, na maporomoko yanarudi nyuma kidogo. Kombe zimo humo humo ukutani, unazigusa ukipita. Kuokota ni marufuku, kwa hiyo mikono tuliifunga nyuma. Mtoto aliita "maporomoto". Nilimsahihisha mara moja, kisha nikaona neno lake halina ubaya.

Kuokota tulikwenda Caesar Creek, mwendo usiofika saa nzima kwa gari, karibu na mji mdogo wa Waynesville. Kuna ziwa lililotengenezwa kwa bwawa, na pembeni ya bwawa kuna uwanja mpana wa mawe, njia ya kumwagia maji yakizidi. Kabla ya kushuka unapita kituo cha wageni kuchukua kibali, ambacho ni bure. Huruhusiwi nyundo wala chombo chochote, huruhusiwi kuvunja jiwe, unachukua kilicholegea tu, kisichozidi kiganja cha mkono wako, na si cha kuuza. Nilizipenda sheria hizo. Bwana mdogo alipima kila kipande kwenye kiganja chake, kisha alipopata kikubwa zaidi alikileta kwenye kiganja changu. Mwizi mdogo mwenye akili.

Upande mwingine wa bustani hiyo kuna njia ya msituni yenye daraja la kuning'inia, na karibu yake yapo maporomoko madogo yaitwayo Horseshoe Falls. Usiende ukitarajia Victoria. Ni mapana kuliko yalivyo marefu, yamepinda kama kwato, na mtoto anaweza kuyatazama bila kuogopa. Juni yalikuwa yanapiga kelele. Tuliporudi Agosti yalikuwa uzi. Binti yangu alilala juu ya jiwe lenye jua, mchana kweupe, saa moja na nusu, na mimi na mume wangu tukakaa mbali tukinong'ona kwa Kiswahili ili tusimwamshe. Miaka tisa yuko Ohio, alikuwa hajawahi kukanyaga maji ya kijito.

Kuhusu jina la mahali. Inasimuliwa kwamba Caesar alikuwa mtu mweusi, mtumwa, aliyeishi na Washawnee, wenyeji wa nchi hii, na akawinda kandokando ya kijito hiki hadi kikaitwa kwa jina lake. Na mto Ohio, ambao maji haya hatimaye huuingia, ndio uliokuwa mpaka: ng'ambo ya Kentucky utumwa, ng'ambo hii jimbo huru. Mimi natoka Pangani, ambako misafara ya watumwa ilikuwa ikifika pwani. Nilimweleza mjukuu sehemu ndogo tu, kwamba palikuwa na mtu mweusi aliyefika hapa kabla yetu. Akauliza kama alikuwa na bibi. Nikamwambia lazima alikuwa naye.

Kwa wanaotaka kujaribu na watoto wao, nitasema niliyojifunza kwa maumivu. Kandambili ziacheni nyumbani. Vaeni raba kuukuu zenye kufunga kamba, hata majini. Mvua ikinyesha, ngojeni siku mbili, na maji yakiwa na rangi msiingie. Kuna mmea wa majani matatu matatu unaotambaa kwenye miti na kando ya njia, ambao ni upupu wa huku, tena mbaya kuliko wetu, kwa sababu kuwasha kwake hakuanzi siku hiyo. Unadhani umepona, kesho yake ngozi inavimba. Mkirudi, kagueni kupe kwenye nywele, nyuma ya magoti na kiunoni. Na kabla ya yote hayo, fanyeni mtihani wa zuliani.

Miezi sita haikuwa mingi. Oktoba majani yalikuwa yamegeuka rangi ya dhahabu na maji yalikuwa baridi ya kuuma. Asubuhi ya safari mjukuu alinipa kombe moja kati ya zile za Caesar Creek, akaikagua kwanza kama inaenea kiganja changu. Uwanja wa ndege hakujificha nyuma ya sanduku. Alisema, "Bibi, rudi," kisha akanitazama kuona kama nimelielewa neno.

Kombe ile ipo dirishani kwangu sasa, karibu na za hapa. Jirani aliishika, akasema hii nzito, umeitoa wapi. Nikamwambia Marekani. Akaniambia niache uongo.

Mjukuu hupiga simu Jumapili, kwao asubuhi, kwetu jioni. Januari alinionyesha kijito kwa kamera, kimeganda juu chote, na chini ya barafu unaona maji yanapita. "Maji imelala," akasema, "lakini inatembea." Mama yake nyuma akataka kumsahihisha, nikamwashiria anyamaze. Kisha akauliza kama kwangu maji yamejaa au yamekupwa. Yalikuwa yanakupwa, bamvua, nami nilikuwa nimeshavaa raba. Nikamwambia asikate simu, nikatoka naye kwenda pwani kumtafutia chaza aliye hai.